Kesi Texas: Jua Daraja la Kosa Lako Kabla Hujasaini Kitu

Jamani hili jambo tuliongee taratibu maana watu wetu wanaumia. Mtu anakamatwa Houston au Dallas au Fort Worth, analala ndani usiku mmoja, asubuhi anaambiwa kiri kosa ulipe faini uende zako, anasaini, anarudi kazini anamshukuru Mungu, alafu miaka inapita anaomba uraia ndo anaelewa alisaini nini. Ukimuuliza siku ile ulishtakiwa kwa kosa gani anakwambia "ah, kalikuwa kakesi kadogo tu". Kadogo kwa kipimo cha nani? Cha polisi, cha hakimu, cha mwajiri au cha watu wa uhamiaji? Maana hawa wote wana vipimo tofauti, na kesi moja hiyohiyo inaweza kuwa nyepesi kwa mmoja na nzito sana kwa mwingine.

Nitatumia Texas kwasababu Waswahili tuko wengi huku, Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi, na kwasababu sheria yake ya jinai imepangwa kwa ngazi ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma akitulia. Kama uko jimbo lingine hatua ni hizihizi, namba ndo zinabadilika.

Hatua ya 1: Jua ni sheria ya nani imekushika

Nyumbani tumezoea sheria moja ya nchi nzima. Tanzania kuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ukiiba Mwanza au Mtwara ni ileile, na Kenya nao wana yao, Sura ya 63. Marekani haiko hivyo. Kila jimbo kati ya majimbo 50 limejitungia sheria zake za jinai, alafu juu yake kuna sheria za serikali kuu, alafu chini kuna sheria ndogondogo za miji. Kesi nyingi za watu wa kawaida, yaani wizi, kupigana, kuendesha umelewa, ziko kwenye sheria ya jimbo.

Ndo maana ushauri wa binamu yako wa Minnesota usiutumie Texas. Minnesota wana ngazi zao wenyewe, kuna kosa dogo kabisa la faini tu, kuna misdimena (kosa la daraja la chini) ya hadi siku 90, kuna misdimena nzito, afu ndo feloni (kosa la daraja la juu). New Jersey hawatumii hata hilo neno feloni kwenye sheria yao, makosa makubwa wameyagawa kwa digrii nne. Pennsylvania kuna misdimena ya digrii ya kwanza ambayo kifungo chake kinafika miaka 5, kwa hiyo yule anayekwambia "misdimena haizidi mwaka mmoja" ameongea ya kwao. Michigan walifuta adhabu ya kifo kwa mauaji tangu 1846, Texas mpaka leo wanaua kwa sindano pale Huntsville. Na wizi wa vitu vya dola 300 New Jersey tayari ni kosa kubwa maana mstari wao ni dola 200, New York mstari wa feloni ni dola 1,000, California dola 950, Texas mpaka dola 2,500.

Hatua ya 2: Soma karatasi yenyewe, usisome sura ya polisi

Ukishatoka ndani, au kama ni ndugu yako yuko ndani, tafuta karatasi ya mashtaka. Kaunti nyingi kubwa kesi zinaonekana mtandaoni kwenye tovuti ya karani wa korti, unaweka jina na tarehe ya kuzaliwa. Utaona mstari mmoja wa herufi kubwa ambao mtu akiuona mara ya kwanza anafikiri ni namba ya bidhaa. Mfano halisi wa jinsi wanavyoandika: THEFT PROP >=$100<$750, na pembeni kuna MB.

Tuufungue huo mstari. Theft ni wizi. Prop ni mali. Alama zinazofuata zinasema thamani ya mali inaanzia dola 100 lakini haifiki dola 750. MB ni misdimena ya Klasi B. Kwa hiyo kwenye mstari huo mfupi umeshaambiwa kosa, kiwango na daraja. Ukiona MA ni Klasi A, MC ni Klasi C, FS ni feloni ya jela ya jimbo, F3 F2 F1 ni feloni za digrii ya tatu, ya pili na ya kwanza. Kaunti nyingine wanaandika kwa namna tofauti kidogo lakini mantiki ni moja, herufi ya kwanza inasema misdimena au feloni na ya pili inasema daraja.

Angalia pia ni korti gani. Kama ni korti ya mji au ya JP (Justice of the Peace, hakimu wa kesi ndogondogo), hiyo ni Klasi C. Korti ya kaunti inashughulikia Klasi A na B. Ukiona District Court, hiyo ni feloni, na kabla ya kufika huko kesi inapita kwa baraza la raia 12 linaloitwa grand jury, wakikubali 9 ndo mtu anashtakiwa rasmi.

Alafu utaona imeandikwa The State of Texas, kisha jina lako. Hilo lishike vizuri kwasababu nitalirudia kwenye kesi za ugomvi wa nyumbani: anayekushtaki ni jimbo, sio jirani yako wala mkeo.

Hatua ya 3: Weka daraja lako kwenye ngazi

Ngazi zote ziko kwenye sura ya 12 ya Penal Code ya Texas, yaani kanuni yao ya adhabu, iko wazi mtandaoni kwenye tovuti ya bunge la jimbo, bure. Kutoka chini kwenda juu ziko hivi:

Klasi C – faini tu, isiyozidi dola 500, hakuna kifungo.
Klasi B – hadi siku 180 jela ya kaunti, faini hadi dola 2,000.
Klasi A – hadi mwaka 1 jela ya kaunti, faini hadi dola 4,000.
Feloni ya jela ya jimbo – siku 180 hadi miaka 2.
Feloni ya digrii ya tatu – miaka 2 hadi 10.
Feloni ya digrii ya pili – miaka 2 hadi 20.
Feloni ya digrii ya kwanza – miaka 5 hadi 99, au maisha.
Juu kabisa ni mauaji ya aina maalum – kifo, au maisha bila msamaha wa kutoka mapema.

Feloni za katikati hapo zote faini inaweza kufika dola 10,000. Angalia kitu kimoja: misdimena hazina kiwango cha chini cha kifungo (isipokuwa pale kosa lenyewe limewekewa, kama kuendesha umelewa), ila feloni zina cha chini. Na feloni ya jela ya jimbo ina uchungu wake, inaonekana ndogo kwasababu mwisho ni miaka 2, lakini huko hakuna kutoka mapema kwa paroli kama kwenye gereza la kawaida, siku zako unazitumikia karibu zote.

Klasi C nayo watu wanaidharau sana kwasababu haina jela. Mtu anapewa tiketi ya kuiba kitu cha dola 40 kwenye mashine za kujilipia mwenyewe, anaingia mtandaoni analipa kama bili ya umeme, kaisha. Kulipa ile faini Texas kunahesabika kama umesema sipingi shitaka, yaani umepatikana na hatia. Umeshakuwa mtu mwenye hukumu ya wizi kwenye rekodi na hujaongea na hakimu hata dakika moja. Tiketi ya spidi ilipe ukitaka (madereva wa malori subirini, nanyi nina neno lenu huko chini), ila tiketi ya wizi usiilipe kwa simu ukiwa mapumziko ya kazini. Nenda kortini, omba ile nafasi ya kuahirishiwa hukumu kwa masharti, ukimaliza muda wako salama kesi inafutwa (kama wewe si raia, soma hatua ya 6 kwanza). Na usikae kimya ukadhani itapotea, usipofika wanatoa waranti ya kukukamata, na siku ukisimamishwa barabarani taa ya nyuma imeungua unalala ndani kwa tiketi ya zamani.

Hatua ya 4: Fungua kosa lenyewe, uone linapandaje

Jina la kosa halikwambii uzito wake. Hapa ndo penye kazi, na mi naona ndo mahali watu wengi wanapotea.

Wizi Texas unapanda kwa thamani ya mali. Chini ya dola 100 ni Klasi C. Dola 100 hadi chini ya 750 ni B. 750 hadi chini ya 2,500 ni A. 2,500 hadi chini ya 30,000 ni feloni ya jela ya jimbo. Inaendelea hivyo, 30,000 digrii ya tatu, 150,000 digrii ya pili, 300,000 kwenda juu digrii ya kwanza. Linganisha na nyumbani, Tanzania wizi wa kawaida ni hadi miaka 7 na Kenya hadi miaka 3, hakimu ndo anapima. Huku bei ya kitu ndo inaamua umepanda ngazi ipi, kwa hiyo kubishania bei ni kujitetea kabisa, usione aibu. Simu iliyotumika miaka mitatu thamani yake sio ile ya dukani ikiwa mpya. Kama duka linasema vitu ni dola 760, wakili mzuri ataomba risiti, bei za siku ile, punguzo lililokuwepo, kwasababu ikishuka chini ya 750 umetoka A umeingia B, na tofauti hiyo kwa mtu mwenye grinkadi ni kubwa kuliko faini, nitaeleza.

Pia wanaweza kujumlisha. Ukichukua vitu vya dola 90 kila wiki kwa mpango mmoja, wanaruhusiwa kuvihesabu pamoja kama wizi mmoja. Na ukiwa tayari una hukumu mbili za wizi nyuma, wizi mwingine wowote chini ya dola 2,500 ni feloni, hata kama ni sabuni.

Kuna jingine la kusikitisha. Kijana amechukua kitu dukani cha dola 60, mlinzi anamshika mkono mlangoni, kijana anamsukuma mlinzi anaanguka anaumia. Hapo kesi sio wizi wa Klasi C tena, ni unyang'anyi, digrii ya pili, miaka 2 hadi 20. Waambieni vijana wenu hili waziwazi: ukishikwa simama, acha kitu, usiguse mtu.

Pombe na gari. Kipimo cha pombe kwenye damu ni 0.08. Mara ya kwanza ni Klasi B na lazima angalau saa 72 za jela, ikifika 0.15 ni Klasi A. Mara ya pili Klasi A, mara ya tatu ni feloni ya digrii ya tatu. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 15 ndani ya gari, hata kama ni mara yako ya kwanza maishani, ni feloni, na hii inawakuta watu wanaotoka kwenye sherehe za harusi na familia nzima kwenye gari. Ukiua mtu ni digrii ya pili. Kesi ya leseni inakwenda peke yake pembeni, una siku 15 tu tangu upewe notisi kuomba kusikilizwa, ukikaa leseni inafungiwa yenyewe bila kusubiri kesi ya jinai iishe.

Ugomvi wa nyumbani. Hapa naomba wanaume na wanawake wote mnisikilize. Kumuumiza mtu mwili Texas ni Klasi A, na "kuumia" kwenye sheria yao ni pamoja na maumivu tu, haihitaji damu wala alama. Kofi moja lililouma linatosha. Kumkaba mtu wa nyumbani kwako shingo mpaka pumzi ikazuilika ni feloni ya digrii ya tatu siku hiyohiyo ya kwanza. Ukiwa na hukumu ya nyuma ya ugomvi wa kifamilia, hili la pili ni feloni hata likiwa kofi.

Kwetu mambo haya yanaitiwa wazee, mjomba anakaa katikati, watu wanaombana msamaha yanaisha. Huku polisi akishafika na kuandika, mke hawezi kusema nimefuta kesi. Kesi ni ya jimbo. Anaweza kuandika maelezo kwamba hataki iendelee, mwendesha mashtaka akayasoma akaendelea vilevile. Na hakimu anaweza kutoa amri ya dharura ya kukukataza kurudi nyumbani, mara nyingi kati ya siku 31 na 61. Hiyo amri ni yako wewe, sio ya mkeo, kwa hiyo mkeo akikupigia simu akasema rudi baba watoto wanakuuliza, ukirudi umevunja amri, Klasi A nyingine. Mabwana wengi wameingia hapo kwa upendo kabisa. Kama mnataka kurudiana, wakili aombe korti ibadilishe amri kwanza.

Watoto. Mzazi ana ruhusa ya kutumia nguvu ya kiasi kumrekebisha mtoto, sheria ya Texas inasema hivyo, lakini mkanda ukiacha alama na mwalimu akaziona, kumuumiza kwa makusudi mtoto wa miaka 14 kushuka chini ni feloni ya digrii ya tatu. Na kumuacha mtoto wa chini ya miaka 7 kwenye gari zaidi ya dakika 5 bila mtu wa miaka 14 au zaidi ni Klasi C, na joto la Texas likimdhuru unapanda juu haraka. Kukimbilia dukani kuchukua maziwa unamuacha amelala kiti cha nyuma, usifanye.

Bangi. Majani hadi aunsi 2 ni Klasi B. Lakini mafuta yake, yale ya kwenye vepu (sigara za umeme), na biskuti au keki zilizotiwa, yamewekwa kundi lingine kabisa. Chini ya gramu 1 tu ya mafuta ni feloni ya jela ya jimbo. Na uzito wanapima wote na kilichochanganywa nacho, kwa hiyo kipande cha keki cha gramu 50 kinapimwa kama gramu 50, kinaangukia digrii ya pili. Mtoto wako akitoka Colorado, ambako bangi jimbo limeihalalisha, na pipi za huko amevuka mpaka wa dunia mbili. Na miraa, ndugu zangu wa Meru na wa pwani, ile dawa ya kathinoni iliyoko kwenye miraa mbichi imepigwa marufuku na serikali kuu ya Marekani, iko kundi la juu kabisa, haijalishi kwamba Kenya ni zao halali lenye soko lake.

Hatua ya 5: Hesabu vitu vinavyopandisha

Kosa likishapata daraja lake, uliza kama kuna kitu cha kulipandisha. Hukumu ya feloni ya zamani inaweza kuigeuza digrii ya tatu iadhibiwe kama ya pili, na ya pili kama ya kwanza. Mwenye feloni mbili za nyuma zilizofuatana, feloni inayofuata, kama sio ya jela ya jimbo, inaanzia miaka 25. Silaha inapandisha, mtu aliyeumizwa akiwa mtumishi wa umma kazini inapandisha, chuki ya rangi au dini inapandisha. Ukimkimbia polisi kwa gari ni feloni, hata kama alitaka kukupa onyo tu la spidi. Na kumpa polisi aliyekuzuia kihalali jina la uongo ni Klasi B, yule anayetoa jina la kaka yake kwasababu ya leseni ameongeza kesi na amemtia kaka yake matatani.

Hatua ya 6: Peleka kesi kwenye mizani ya uhamiaji kabla hujakubali dili ya kukiri kosa

Kama wewe ni raia, ruka, nenda hatua ya 7. Kama una grinkadi, visa, hifadhi ya ukimbizi, au huna kitu, soma hapa mara mbili.

Watu wa uhamiaji hawajali sana jimbo limeliita nini. Wana vipimo vyao. Kimoja ni makosa ya kukosa uadilifu, na wizi kwa kawaida umo humo. Ukifanya kosa moja la namna hiyo ndani ya miaka 5 tangu uingie kihalali, na kosa hilo sheria inaruhusu kifungo cha mwaka mmoja au zaidi, unaweza kufukuzwa nchini. Sasa rudi kwenye zile dola 750. Klasi B mwisho ni siku 180, haigusi huo mstari. Klasi A mwisho ni mwaka 1, inaugusa. Hata kama hakimu hakukupa siku hata moja ya jela, kinachoangaliwa hapo ni kile sheria inachoruhusu. Majimbo mengine yameliona hili, Washington mwaka 2011, California 2015 na New York 2019 walishusha kilele cha misdimena kutoka siku 365 hadi 364 ili watu wasinaswe kwa siku moja. Texas hawajafanya hivyo. Na makosa mawili ya aina hiyo, wakati wowote, yale yasiyotoka kwenye tukio moja, yanatosha, ndo maana nimelia sana kuhusu tiketi ya Klasi C.

Kipimo cha pili ni cha wizi wenye adhabu ya mwaka mmoja au zaidi. Hapo wanahesabu adhabu uliyopewa, pamoja na ile iliyosimamishwa. Kwa hiyo hakimu akisema nakupa mwaka mmoja lakini uko nje kwa probesheni (uangalizi wa korti badala ya jela), wewe unafurahi huendi jela, uhamiaji wameandika mwaka mmoja. Mwambie wakili aombe siku 364 au pungufu, ni maneno machache mezani na yanaokoa maisha ya mtu.

Dawa za kulevya karibu hukumu yoyote inakuweka kwenye hatari ya kufukuzwa, wameacha upenyo mdogo tu wa mara moja ya bangi ya matumizi yako isiyozidi gramu 30. Na tangu Januari 2025 kuna sheria ya serikali kuu inayoitwa Laken Riley Act, mtu aliyeko nchini bila kuingia kihalali akikamatwa tu kwa wizi, hata wa dukani, uhamiaji wanatakiwa kumshikilia, bila kusubiri hukumu.

Alafu kuna ile dili tamu ya Texas, karatasi inasema deferred adjudication. Unakiri kosa, hakimu hatamki kwamba una hatia, unapewa muda wa masharti, ukimaliza vizuri kesi inafutwa na kwa Texas huna hukumu. Kwa raia ni dili nzuri mara nyingi. Kwa uhamiaji wewe umekiri na umewekewa masharti, basi hiyo ni hukumu. Watu wetu wengi wameumizwa na karatasi hii kuliko jela yenyewe. Na hata raia ajue, ukivunja masharti hakimu anaweza kukupa adhabu yoyote ndani ya ngazi nzima ya kosa lako.

Mahakama Kuu ya Marekani iliamua tarehe 31 Machi 2010, kesi ya Padilla na Kentucky, kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia kama kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha. Kwa hiyo ukimuuliza wakili wako, hata aliyetolewa na korti, "hii dili inafanya nini kwenye karatasi zangu?" humsumbui. Ni kazi yake. Akisema hajui, mwambie aulize wakili wa uhamiaji kabla ya tarehe ya korti.

Hatua ya 7: Siku ya kukamatwa na siku ya korti

Ndani ya saa 48 lazima ufikishwe mbele ya hakimu akwambie shitaka na dhamana. Hapohapo kuna fomu ya kuomba wakili wa bure kama huna uwezo, ijaze, usione haya. Haki hiyo ipo kwa Klasi A, B na feloni, Klasi C hawakupi. Kwa polisi sema jina lako la kweli, onyesha leseni kama ulikuwa unaendesha, mengine sema nataka wakili kisha nyamaza. Sisi tumelelewa kujieleza kwa mkubwa, kuonyesha heshima kwa maneno mengi, na yale maneno mengi ndo yanaandikwa. Simu za jela zinarekodiwa pia, kwa hiyo usimsimulie shemeji tukio zima kwa Kiswahili ukidhani hawaelewi.

Mkalimani ni haki yako kwenye kesi ya jinai Texas, mwambie wakili mapema kwamba unataka wa Kiswahili, na kama wewe ni wa Bukavu au Lubumbashi sema hivyo maana Kiswahili cha mkalimani wa Mombasa kinaweza kukupita. Usikubali mtoto wako wa miaka 12 akutafsirie, na usiseme yes kwa kila kitu kwasababu hakimu ana haraka. Sema sijaelewa.

Dhamana, ukimtumia wakala mara nyingi unamlipa kama asilimia 10 na hizo hazirudi, ukiweka pesa yote mwenyewe kortini inarudi ukihudhuria tarehe zako zote, wakitoa ada yao ndogo.

Kabla ya kusaini dili, mwulize wakili haya na aandike majibu: daraja la kosa ni lipi sasa, baada ya dili litakuwa lipi, adhabu niliyopewa ni siku ngapi kwenye karatasi, na leseni yangu ya kazi inaathirikaje. Hili la mwisho ni zito kwetu. Wengi tunahudumia wazee, na hukumu ya shambulio la Klasi A Texas inakufungia kuajiriwa kwenye vituo vya wazee kwa miaka 5. Wenye leseni ya malori, ukikutwa umelewa hata kwenye gari lako binafsi unapoteza leseni ya biashara mwaka mzima, mara ya pili ni maisha, na zile njia za kufuta tiketi kwa darasa la udereva ninyi hamruhusiwi kuzitumia, kwa hiyo tiketi ya spidi nayo pambaneni nayo kwa wakili.

Hatua ya 8: Kesi ikiisha, kusanya karatasi

Usitoke kortini na furaha tu. Nenda kwa karani omba nakala iliyopigwa muhuri ya mwisho wa kesi, na ya hati ya mashtaka. Kama kesi ilifutwa kabisa au ulishinda, uliza wakili kuhusu kuifuta rekodi yote, kama ulimaliza ule muda wa masharti uliza kuhusu kuifunga isionekane na waajiri, ila kesi za ugomvi wa kifamilia hazifungwi. Na kabla rekodi haijafutwa hakikisha nakala zako zenye muhuri unazo nyumbani, maana fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, sio kama ulihukumiwa tu, na ofisa atataka kuona karatasi hata ya kesi iliyofutwa, na ukimwendea karani wakati huo atakwambia kwenye mfumo wake hakuna kitu.